Ninawi na maswali mawili ya mwisho

Jumamosi ile jumuiya ilikuwa nyumbani kwetu. Kwa wasioijua KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ya huku Kilimanjaro: jumuiya ni majirani kumi na kitu wanaokutana saa kumi na mbili asubuhi kabla mtu hajashika jembe wala hajapanda daladala. Tunaimba, tunasoma neno, tunatoa sadaka, tunakunywa chai, tunatawanyika. Mwalimu wa zamu nilikuwa mimi, na somo lilikuwa kitabu cha nabii Nahumu, kinachotangaza kuanguka kwa Ninawi, mji mkuu wa Ashuru. Nilikuwa nimejiandaa usiku kwa dakika ishirini hivi. Nahumu ni sura tatu tu, aya 47, unamaliza kabla usingizi haujakushika.

Tulisoma kwa kupokezana. Kila mtu alionekana kuifurahia ile lugha: magurudumu yanayovuma, farasi wanaorukaruka, mapanga yanayometameta, na lile tangazo la sura ya tatu, “Ole wa mji wa damu!” Tulipofika aya ya mwisho, inayosema kwamba wote watakaosikia habari za Ninawi watapiga makofi, mzee mmoja wa kanisa aliyekaa karibu na mlango akapiga makofi kweli. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha kila mmoja akaanza kutaja Ninawi yake. Wa kwanza akataja taifa kubwa la ng’ambo, wa pili akataja lingine, wa tatu akasema hao wote wawili ni cha mtoto. Kikao kikachangamka. Hakuna aliyetaja kitu chochote kilicho upande wetu wa bahari.

Ndipo mama mmoja anayeuza ndizi pale njia panda akanyoosha mkono. “Mwalimu, na watoto wa Ninawi, nao walikuwa na kiburi?”

Nilimjibu kwamba njia za Mungu si njia zetu. Ni jibu la mtu aliyejiandaa kwa dakika ishirini. Dada wa kazi akaingia na chupa za chai na sahani ya mihogo, nikaokoka. Lakini swali halikuondoka na vikombe.

Ninawi niliwahi kuiona, si kule ilipokuwa, bali London. Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa Uingereza kwa kozi fupi, na Jumapili moja ya mvua, baada ya ibada, nikaingia British Museum kwa sababu hakuna kiingilio. Nilikuwa natafuta vitu vya Misri kama kila mtu. Nikapotea njia nikatokea kwenye chumba chembamba ambacho kuta zake zimefunikwa na mawe ya kuchongwa. Kibao kikasema: Lakishi.

Lakishi! Jina hilo mtu wa Biblia analifahamu. Ni mji wa Yuda, kusini magharibi ya Yerusalemu, ambao Senakeribu mfalme wa Ashuru aliuzingira mwaka 701 K.K., zama za mfalme Hezekia wa Yuda. Na hapa ulikuwepo, umechongwa na watu wa huyohuyo aliyeuvunja, kwa ajili ya kupamba jumba lake la Ninawi. Unaona askari wakipandisha mitambo ya kubomolea kuta juu ya tuta. Unaona watetezi wakirusha mienge ya moto. Halafu unaona wanaotoka: mwanaume akiongoza gari la ng’ombe, juu yake wanawake na watoto na mafurushi. Mbele yao kidogo watu wawili wamelazwa chini uchi, mikono na miguu imenyooshwa, na askari wanawachuna ngozi. Yule wa kwenye gari inabidi apite hapo hapo.

Nilisimama muda mrefu. Kilichonishika si ukatili wenyewe, maana ukatili tunao kila mahali. Kilichonishika ni kwamba waliuchonga wao. Mwanadamu wa kawaida akitenda unyama hutafuta kuuficha. Hawa waliuweka ukutani ili wageni wa serikali waupite wakienda kuonana na mfalme. Hicho ndicho Biblia inachokiita kiburi. Sisi huku tukisema fulani ana kiburi tunamaanisha haitikii salamu. Sefania anasema mji ule ulijiambia moyoni, “Mimi nipo, wala hakuna mwingine.” Ashuru ilifika mahali ambapo haikuona tena sababu ya kuona aibu.

Jambo jingine nililijua baadaye, nikacheka peke yangu. Senakeribu aliacha kumbukumbu za vita ile kwenye nguzo za udongo, na ndani yake anajivuna kwamba alitwaa miji 46 yenye ngome, akahesabu mateka 200,150, na kwamba alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege kizimbani. Anataja kodi aliyotoa Hezekia, talanta 30 za dhahabu, sawasawa na inavyosema 2 Wafalme 18. Lakini hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu. Jumba lote lile, kuta zote zile, na alichoweza kuchonga ni Lakishi. Mtu aliyefungia ndege kizimbani halafu hana hata unyoya wa kuonyesha.

Sura hiyo ya Wafalme ina tukio ambalo wahubiri wetu hulipita haraka wakiwahi malaika na maiti 185,000. Jemadari wa Ashuru anafika kwenye mfereji wa birika la juu na kuanza kuhutubia. Maofisa wa Hezekia wanamwomba: tafadhali, sema nasi kwa Kiaramu, sisi tunakielewa, usiseme kwa lugha ya Kiyahudi masikioni mwa watu walio ukutani. Yeye anapaza sauti zaidi, kwa Kiyahudi. Anawaambia wale waliokaa ukutani kwamba watakula mavi yao wenyewe. Nguvu za dhalimu hazikuwa kwenye farasi tu. Alikuwa amejifunza lugha ya watu wadogo ili awavunje moyo moja kwa moja, bila mkalimani. Na barua ya vitisho ilipomfikia Hezekia, aliichukua akapanda nayo nyumbani kwa Bwana, akaikunjua mbele za Bwana. Hakuongeza wala hakupunguza. Aliikunjua ili isomwe.

Nahumu, kwa jinsi ninavyomsoma sasa, ndiyo hati ya kupokelewa ya barua ile. Si ajabu kwamba katikati ya radi zote anasema kwa utulivu, “Bwana ni mwema, ni ngome siku ya taabu, naye huwajua hao wamkimbiliao.” Aya hiyo tunaiandika kwenye kadi za harusi. Iliandikwa kwa watu ambao babu zao walipita na gari la ng’ombe pale walipokuwa wanachunwa wenzao.

Pale makumbusho, mkabala na Lakishi, Senakeribu ameketi kwenye kiti cha enzi anapokea nyara. Vazi lake limechongwa kwa ufundi wa kutisha, kila nakshi. Lakini uso haupo. Umegongwa kwa makusudi. Ni vigumu kutofikiria mwaka 612 K.K., majeshi ya Babeli na ya Wamedi yalipoingia Ninawi baada ya kuuzingira miezi mitatu, na kwamba askari fulani asiye na jina, kati ya kupora na kuchoma moto, alipata dakika moja ya kusimama mbele ya ukuta huo na kitu kizito mkononi. Nakiri mbele yenu wasomaji kwamba nilimfurahia askari yule. Kama ningekuwa na nyundo ningemsaidia.

Kisha nikaenda chumba kingine, na furaha ikapungua, ikawa kitu kingine.

Huko kuna jiwe la Ashurbanipal, mjukuu wa Senakeribu, akipumzika bustanini. Amejilaza kwenye kitanda chini ya mizabibu, malkia ameketi karibu, watumishi wanapepea, mpiga kinubi anapiga. Picha ya amani kabisa. Mpaka jicho lako lifike upande wa kushoto kwenye mti mmojawapo, na uone kichwa cha mtu kinaning’inia. Ni kichwa cha Teumani, mfalme wa Elamu. Ashurbanipal huyuhuyu anajisifu katika maandishi yake kwamba aliyafukua makaburi ya wafalme wa kale wa Elamu, akaianika mifupa yao juani, akaichukua kwenda nayo Ashuru.

Mimi ni mtu wa Old Moshi. Kwetu kuna mti. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga hapo Mangi (chifu wetu) Meli mwana wa Rindi, pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Nilikua nikisikia wazee wakisema kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na familia yake imetumia miongo mingi ikikitafuta kwenye maghala ya makumbusho ya Berlin, ambako mafuvu ya watu wetu yalihifadhiwa kwa maelfu pamoja na ya wengine. Cha Meli hakijapatikana. Ukoo wa kule umezika kiwiliwili tu, kama tunavyosema.

Kwa hiyo nilipoona kichwa mtini kwenye bustani ya Ninawi, sikuwa mtalii tena.

Na hapo pana fundo ambalo Mkristo wa Kilimanjaro hawezi kulikwepa. Meli aliwashinda Wajerumani 1892. Wakarudi na nguvu kubwa wakamshinda 1893. Mwaka huohuo 1893 ndio wamisionari wa Leipzig walifika mlimani. Kanisa langu limetoka hapo. Kitabu kinachoniambia kwamba Mungu huulaani mji wa damu nilikabidhiwa na watu waliosema lugha moja na walionyonga. Wapo waliohitimisha kutoka hapo kwamba kitabu chenyewe ni sehemu ya kamba. Mimi nimehitimisha kinyume, ingawa si kwa urahisi: mnyongaji hakuwa amesoma mzigo aliokuwa ameubeba. Mtu angekisoma Nahumu kwa sauti chini ya mti ule mwaka 1900, nani angekuwa Yuda na nani Ashuru?

Isaya alikwisha kuliona fundo hili. Katika sura ya 10 Mungu anaiita Ashuru fimbo ya hasira yake. Yaani ndiyo, alitumia taifa hilo kuwaadhibu watu wake waliowanyang’anya wajane na yatima. Samaria ilianguka 722 K.K. mikononi mwa Ashuru, na manabii hawakusema kwamba ni bahati mbaya. Lakini fimbo yenyewe haikujua kuwa ni fimbo. Ilidhani ni mkono. Isaya anauliza: shoka laweza kujisifu juu ya yule anayelitumia kukata? Kwa hiyo kutumiwa na Mungu si cheti. Shoka likimaliza kazi linaweza kutupwa motoni na mpini wake.

Hili ndilo ninalolirudia mara nyingi kuliko yote, kwa kuwa mahubiri yetu mengi yanasimama upande wa shoka. Tunasema: wamisionari walileta shule na hospitali, basi Mungu aliubariki ukoloni. Au tunasema: nchi yetu ni kisiwa cha amani, Mungu ametupendelea kuliko majirani. Sentensi hiyo ya pili nimeisikia madhabahuni mara nyingi, nimeisema pia. Kila ninapoisikia sasa nasikia chuma kikijisifu.

Na upande wa pili wa ugonjwa huo ni haraka yetu ya kutamka hukumu. Likitokea tetemeko katika nchi ya watu tusiowapenda, kabla vumbi halijatua simu zetu zimejaa ujumbe wa sauti: Mungu amesema. Mtu ambaye hakuweza kuulizwa na mama wa ndizi akajibu, anajua kwa nini ghorofa fulani liliangukia watu fulani. Yesu aliletewa habari kama hiyo, ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, akaongeza mwenyewe ya mnara wa Siloamu ulioua watu kumi na wanane, akakataa kabisa kuwaweka marehemu kwenye orodha ya wakosaji wakubwa. Akawageuzia kibao waliomletea habari. Nahumu alipewa ufunuo, na alikuwa akizungumza juu ya taifa ambalo kwato za farasi wake zilikuwa bado zinasikika. Sisi tunapewa bando. Ukiniuliza kama Ujerumani ilihukumiwa kwa ajili ya Meli na Songea Mbano, chifu wa Wangoni, na vita vya Majimaji, mabomu yalipoifumua Berlin 1945, nitakuambia sithubutu kusema hivyo, kwa sababu ileile ya mama wa ndizi. Chini ya kifusi walikuwemo wasiojua Kilimanjaro iko wapi. Ninachoweza kusema ni kwamba Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha, na kwamba taifa linaloinamisha kichwa mbele ya makaburi ya waliouawa nalo limo katika Biblia. Limo katika Yona, ambamo Ninawi yenyewe inatubu.

Maana Ninawi ina vitabu viwili. Nahumu anamaliza na swali: ni nani ambaye uovu wako haukumpata daima? Yona naye anamaliza na swali, na Mungu ndiye anayeuliza: Je, haikunipasa kuuhurumia Ninawi, mji mkubwa wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia? Hakuna jibu katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili. Jua linamchoma Yona, kitabu kinafungwa.

Watu wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto. Mama wa ndizi hakuwa ametaja Yona, lakini swali lake lilitoka humo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na David Stronach, walichimba lango moja la Ninawi liitwalo Halzi. Kwenye njia ya kupita langoni wakakuta mifupa ya watu waliouawa wakijaribu kutoka siku mji ulipoanguka, mishale ikiwa kati yao. Wengine walikuwa watoto. Hao ndio waliopigiwa makofi na jumuiya yetu saa moja kasorobo asubuhi.

Sisemi kwamba Nahumu alikosea. Waliokanyagwa wana haki ya kupiga makofi, na ole wake anayewaambia wanyamaze akiwa yeye hakukanyagwa. Hezekia hakuikunjua ile barua mbele za Mungu ili Mungu aseme pande zote mbili zina hoja. Ninachosema ni kwamba Biblia iliyomweka Nahumu ilimweka Yona karibu naye, wanatenganishwa na kitabu kimoja tu cha Mika, na haikutupa ruhusa ya kuchagua. Na kama hiyo haitoshi, Isaya 19 inatazamia siku ambayo Mungu atasema: heri Misri watu wangu, na Ashuru kazi ya mikono yangu, na Israeli urithi wangu. Ashuru! Kazi ya mikono yangu! Aliyesikia hilo Yerusalemu, akiwa na shangazi aliyechukuliwa Lakishi, sijui alilipeleka wapi moyoni.

Kuna watu wanaoishi katikati ya vitabu hivyo viwili mpaka leo. Magofu ya Ninawi yako ng’ambo ya mto Tigri kutoka katikati ya Mosul, Iraki, na kwenye uwanda unaozunguka eneo hilo wapo Wakristo wa kale, wasemao lugha iliyo ndugu ya ile ambayo maofisa wa Hezekia waliiomba pale mferejini. Wengi wanajiita Waashuru. Kila mwaka, majuma matatu kabla ya Kwaresima, hufunga siku tatu zinazoitwa mfungo wa Ninawi, kukumbuka toba ya mji ule. Katika mji wao wa Alqosh lipo kaburi linaloheshimiwa kama la nabii Nahumu. Lilitunzwa na Wayahudi kwa karne nyingi, na Wayahudi walipoondoka Iraki katikati ya karne iliyopita, familia ya Kikristo ya jirani ikabaki na funguo. Mwaka 2014 wanamgambo walipoitwaa Mosul na kulipua msikiti wa Nabii Yunus, yaani Yona, Wakristo wa uwanda wote walikimbia, lakini Alqosh haikutwaliwa. Watu wa Ashuru wanamlinda aliyeilaani Ashuru, na wanafunga kwa ajili ya aliyeihurumia. Nikifika mbinguni nitaomba nionyeshwe mwenye zile funguo.

Juma lililofuata jumuiya ilikuwa kwa jirani. Niliomba dakika tano nirekebishe jibu langu. Nikasoma Yona sura ya tatu, tangazo la mfalme wa Ninawi, na kwa mara ya kwanza nikasikia maneno ambayo nimeyapita maisha yangu yote. Mfalme hasemi jeshi lirudishe miji. Anasema kila mtu aiache njia yake mbaya, na udhalimu ulio mikononi mwake. Mikononi. Nikajikuta naangalia yangu, ilikuwa imeshika kikombe.

Huyo dada aliyetuletea chai Jumamosi ile aliamka saa kumi usiku kuchemsha mihogo ya watu waliokuja kushangilia kuanguka kwa madhalimu. Ada za shule zilikuwa zimetubana tangu Januari, na katika kubanwa huko kuna mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye tulimwambia “vumilia kidogo” kwa sababu ndiye pekee ambaye hangetuletea barua ya madai. Mshahara wenyewe si fedha ya kutajwa hapa, naona aibu, na naona aibu imechelewa.

Jioni mke wangu na mimi tulikusanya tulichoweza. Nikamwita sebuleni, nikamwomba radhi, nikampa bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa. Kisha akaifungua palepale, akahesabu polepole noti kwa noti, akaniangalia.

“Baba, na ya mwezi wa pili?”